Kwa nini meli ya makontena haipinduki?

SWALI: Nikivuka kwenda Kigamboni huwa naziona meli zikiingia bandari ya Dar es Salaam zikiwa na makontena yaliyorundikwa juu ya sitaha kama ghorofa. Mzigo wote huo ukiwa juu, meli inazuiwa na nini isipinduke? – Msomaji, Kigamboni

JIBU: Wengi hudhani kwamba meli husimama wima kwa kuwa uzito wake wote umekaa chini. Sivyo ilivyo kwa meli nyingi za shehena: kitovu cha uzito wake kiko juu kuliko kitovu cha msukumo wa maji, yaani katikati ya ile sehemu iliyozama. Kinachoiokoa ni upana. Meli inapoinamia upande mmoja, ubavu wa upande huo huzama zaidi na wa pili huinuka, kwa hiyo kitovu cha msukumo huhamia upande ulioinama, ilhali kitovu cha uzito hubaki palepale mradi shehena haikuteleza. Hapo maji huusukuma juu ubavu uliozama, uzito huvuta chini karibu na katikati, na nguvu hizo mbili huirudisha meli wima. Mfaransa Pierre Bouguer alieleza mwaka 1746 kwamba upo mpaka, aliouita metasenta, ambao kitovu cha uzito kikiupita kwa kwenda juu, meli haiwezi tena kusimama wima.

Kwa hiyo hofu yako ina msingi. Ndiyo maana makontena mazito hupangwa chini, na matangi ya chini hutiwa maji ya bahari yawe farumi, yaani uzito wa chini wa kuituliza meli, kazi ambayo majahazini hufanywa na mawe au mchanga. Tangi lililojaa nusu lina hatari yake, maana maji hukimbilia upande ulioinama na kuuongezea uzito.

Vasa, meli ya kivita ya Uswidi, ilikuwa na farumi haba na mizinga mingi. Kabla ya safari, watu 30 waliamriwa kukimbia sitahani kutoka ubavu hadi ubavu. Meli ikayumba mno hata jaribio likakatishwa, lakini hakuna aliyeizuia kuondoka. Tarehe 10 Agosti 1628 upepo uliiinamisha, maji yakaingia kwa matundu ya mizinga, ikazama bandarini Stockholm baada ya mwendo wa mita 1,300 hivi.

Siku hizi hesabu hufanywa kwa kompyuta kabla ya kung'oa nanga, na baharini maofisa huangalia pia muda ambao meli huchukua kuyumba na kurudi. Ikianza kurudi kwa uvivu, jambo ambalo abiria huliona raha, ni dalili kwamba kitovu cha uzito kinaukaribia ule mpaka, nao hukagua matangi mara moja.