Moto Unaopanda Nyoyoni

Wete, Pemba

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata pamoja na hadithi yako, nami nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kama baba na mara ya pili kama mtu aliyesomesha Kiswahili mpaka akastaafu. Umeniuliza mambo mawili: iwapo inafaa mtu kama wewe, usiyedai elimu ya dini, kuiandika jahanamu katika hadithi ya kubuni, na kwa nini wenzako waliosoma zile kurasa tano za ndoto ya moto wamekwambia kwamba hazikuwatisha hata kidogo.

Inafaa, mwanangu. Ila ndoto ile iondoe.

Ulipokuwa chuoni uliihifadhi Suratul Humaza kabla hujajua kuliandika jina lako. Humo inatajwa Hutama, moto wa Mwenyezi Mungu uliowashwa, na sifa yake inayotajwa ni kwamba hupanda nyoyoni. Katika Suratun Nisaa nako, wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma wameambiwa kwamba wanakula moto matumboni mwao, kisha ndipo wakaambiwa kwamba wataingia Motoni. Uangalie mpangilio wa maneno hayo. Kuingia kunakuja baadaye, lakini kula kumekwishaanza, na mlaji bado amekaa na watu barazani, anaulizwa hali na anajibu kwamba ni njema. Wewe umeandika habari za Ami aliyelila shamba la mikarafuu la watoto wa marehemu kaka yake, kwa hiyo moto wako umo hadithini tangu ukurasa wa kwanza. Badala ya kuutafuta tumboni mwake, umemlaza usingizi ukamwonesha milango saba na minyororo, mambo ambayo kila msomaji wetu ameyasikia tangu utotoni na ameshajifunza kuyasikia bila ya kushtuka. Tena aliyelala ana udhuru, kwa kuwa akiamka atasema ilikuwa ndoto, na msomaji atasema hivyo hivyo pamoja naye.

Umekumbuka kwamba nilikuwa nikikusomea utenzi wa Al-Inkishafi, nawe ukaniuliza mbona ile inatisha ilhali nayo inataja majina ya moto. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, aliyeitunga mwanzoni mwa karne ya 19, hakuanza na moto. Baada ya kumhimidi Mungu, aliuita moyo wake mwenyewe na kuuhoji, kama mtu anayemshika mkono ndugu yake anayepotea. Akautembeza katika majumba ya matajiri wa Pate yaliyokwisha kuwa magofu, akauonesha madaka yaliyokuwa yakipangwa sahani za thamani na ambayo sasa wamelala humo makinda ya ndege. Jahanamu inakuja karibu na mwisho, baada ya sisi kuyaona madaka yale, na anayetishwa nayo ni moyo wa mtunzi. Sisi wasomaji tunasikia maneno ambayo hatukuambiwa sisi, na nadhani ndiyo sababu yanatuingia kuliko waadhi wa mtu anayetunyooshea kidole.

Yupo na mwengine, wa mbali, ambaye nimemsoma kwa tafsiri. Dante Alighieri wa Florence alihukumiwa uhamishoni mwaka 1302 na akafa mwaka 1321 bila ya kurudi kwao, na katika shairi lake kubwa aliwaweka motoni watu wa mji wake kwa majina. Yamo humo mambo yanayomuudhi Muislamu, na sikufichi kwamba yaliniudhi. Pale anapolipiza visasi vyake ananichosha. Lakini alipofika chini kabisa, mahali ambapo mimi nilitarajia moto mkali kuliko wote, aliweka barafu, na ndani yake wasaliti wamegandishwa, wengine machozi yao yakiganda machoni hata wasiweze kulia. Nilikifunga kitabu nikatoka nje. Mtu aliyemsaliti aliyemwamini hawaki moto. Anaganda, na hata kilio kinamnyima nafasi. Mtu hajui hilo kwa kusimuliwa.

Sasa nirudi kwa Ami yako. Umetaja kwa sentensi moja tu, kisha ukapita, kwamba msimu wa karafuu ulipofika, yule mtoto mkubwa wa marehemu alikwenda kuchuma kwa kibarua katika shamba lile lile. Mwanangu, kaa hapo. Usiondoke hapo hata kwa kurasa kumi. Jioni watu wamekaa wanachambua, makonyo upande mmoja na karafuu upande mwengine, mtoto anakuja na polo lake, anasema shikamoo Ami, na Ami anachukua pishi kumpimia mwenye shamba ujira wa kulichuma shamba lake. Je, anaijaza pishi mpaka juu, au anaikata kwa kiganja kama anavyowakatia wengine? Akiijaza, watu watajiuliza kwa nini anampendelea. Akiikata, atakuwa ameiba mara ya pili mchana kweupe. Mkono wake ufanye nini? Hapo ndipo pana jahanamu unayoitafuta, na hutahitaji kulitaja jina lake.

Kuhusu hofu yenyewe, nakukumbusha mwaka 1995, ingawa ulikuwa mdogo, pale kisiwa kizima kilipotishwa na Popobawa, jini lililosemwa kuwa huwavamia watu usiku majumbani mwao, na watu wakatoka majumbani kulala nje makundi kwa makundi. Mimi sikuona bawa wala kivuli. Kilichonitisha ni kumwona babu yako, ambaye sikuwahi kumjua kwa woga, akitoka na mkeka wake chini ya kwapa bila ya kutazamana na mtu. Siku zile ilisemwa kwamba aliyefikwa na jambo lile ni lazima awaambie watu, na asipowaambia litamrudia. Sina la kusema juu ya Popobawa, lakini sharti lile nimelifikiria mara nyingi, kwa sababu lipo jambo langu ambalo sikuwahi kumwambia mtu.

Rafiki yangu mmoja aliniwekea amana ya fedha kabla hajasafiri kwa matibabu, naye hakurudi. Hapakuwa na shahidi ila Mungu. Wakati huo paa letu lilikuwa likivuja, nami nikachukua sehemu ya fedha zile nikanunua mabati, nikijiambia kwamba nitazirudisha kabla warithi hawajajua. Ilinichukua miezi minane. Katika miezi hiyo kila aliyepiga hodi nilidhani ni mjane wake, na mvua iliponyesha usiku, mama yako na nyinyi mkilala vizuri kwa kuwa hapavuji tena, mimi nilikuwa macho nikiisikiliza juu ya bati. Nilizikamilisha zote nikazipeleka, na mjane yule akaniombea dua kwa uaminifu wangu. Dua ile niliipokea kwa amin, nikarudi nyumbani, na chakula hakikupita.

Ukitaka, mpe Ami yako mvua ile, nimekuruhusu. Mtoto wa rafiki yangu sasa ni mtu mzima, ana duka hapa mjini, na kila tukikutana hunishika mkono kwa mikono yake miwili akaniambia shikamoo mwalimu. Mpaka leo huitazama kwanza mikono yake, ndipo nikaweza kumtazama uso.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako