Maswali ya Wasomaji: Vimeng'enya Vinavyomlisha Mdudu wa Malaria

SWALI: Ndugu Mhariri, tunafundishwa kwamba kimelea cha malaria hula himoglobini kwa vimeng'enya vya protiasi. Hukila vipi kitu kilichokizunguka? Na kama vimeng'enya hivyo ndivyo uhai wake, mbona hatuna dawa ya kuvizuia?
Mwanafunzi wa maabara, Morogoro

JIBU: Wachoma mishkaki hupaka nyama papai bichi ili ilainike. Utomvu wake una papaini, protiasi inayokatakata minyororo ya protini. Falsipaini-2 na falsipaini-3 za Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, ni za ukoo huo huo. (Wanaouliza kama kula papai kunatibu malaria: hapana. Papaini ni protini, nayo humeng'enywa tumboni kabla ya kufika kwenye damu.)

Ndani ya seli nyekundu ya damu kimelea kina saa 48 hivi za kukua na kuzaliana. Humeza ute wa seli, uliojaa himoglobini, kidogo kidogo kupitia kijitundu cha pembeni na kuupeleka kwenye kifuko cha chakula, penye uchachu wa pH 5 hivi. Humo protiasi ziitwazo plasmepsini huifungua himoglobini, falsipaini huicharanga, na nyingine, falsilisini, huvipunguza zaidi vipande vinavyobaki. Zaidi ya nusu ya himoglobini ya seli huishia humo. Lakini himoglobini ya mtu mzima haina isolusini, moja ya asidi amino (vijenzi vya protini), hata chembe, kwa hiyo asidi amino hiyo kimelea hulazimika kuivuta kutoka kwenye plazima, yaani majimaji ya damu.

Mabaki yake ni himu, yenye madini ya chuma, ambayo ni sumu kwa kimelea chenyewe, nacho huigandisha kuwa fuwele za himozoini. Wewe umeshaziona: tazama bamba lililotiwa rangi ya Giemsa kwa lenzi ya 100 yenye mafuta, zile punje za kahawia nzito ndani ya kimelea kilichokomaa ndizo hizo. Dawa ya klorokwini huzuia ugandaji huo. Dawa za artemisinini nazo huamshwa na himu, na hapo ndipo penye hatari: kimelea chenye mabadiliko katika jeni ya K13 humeza himoglobini kidogo katika saa za mwanzo, dawa haiamki vya kutosha, kinapona. Vimelea vya namna hiyo vimeshaonekana Rwanda, Uganda na Kagera. Ndiyo maana tunasisitiza dozi zote sita za ALu, dawa mseto ya artemetha (ya jamii ya artemisinini) na lumefantrini: ya kwanza, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula chenye mafuta kama maziwa, kwani bila mafuta lumefantrini hufyonzwa kidogo.

Kuhusu dawa ya kuzuia protiasi, wanasayansi wamejaribu kuiondoa jeni ya falsipaini-2. Kifuko kilivimba kwa himoglobini isiyosagwa, lakini kimelea kikaishi, maana protiasi zilizobaki zilishika kazi. Tena protiasi hizi zinafanana na kathepsini, protiasi za seli zetu wenyewe, hivyo dawa isiyochagua vizuri itamdhuru mgonjwa. Kwa maoni yetu lengo bora ni plasmepsini X, ndugu wa zile za kifukoni, isiyo na mbadala. Ndiyo inayoiamsha protiasi SUB1, nayo SUB1 huiamsha protiasi SERA6, kisha kiunzi cha seli nyekundu hukatika na merozoiti (vimelea vichanga) 16 hadi 32 hutoka. Ukiizuia plasmepsini X, merozoiti hubaki zimefungiwa humo humo.

SWALI: Minyoo ya kichocho hupitaje kwenye ngozi isiyo na jeraha?
Mvuvi, Ukerewe

JIBU: Kwa protiasi pia. Lava anayeogelea, serkaria, hugandamiza kichwa kwenye ngozi na kumwaga majimaji ya tezi zake. Kwa kichocho cha tumbo kilichoko ziwani kwenu, protiasi kuu ni elastasi, ambayo hukata protini zinazoshikamanisha ngozi. Mkia hukatika, mwili huingia, kwa dakika chache tu. Kujifuta taulo upesi hakutegemeki. Maji ya kuoga yaweke kwenye pipa lisilo na konokono kwa siku mbili, serkaria watakufa, au yachemshe. Dawa ya prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo iliyokomaa lakini michanga huponyoka. Kwa hiyo, kama uliingia majini karibuni, mwambie mganga wa zahanati, maana huenda ukahitaji dozi nyingine baada ya wiki 6 hadi 8.