Lidi inavimba chini: kabla hujakata, jua hiyo bezi inatoka wapi

Mdogo wangu wa Moshi umeuliza kuhusu lidi yako ya sinthi (ile sauti ya kinanda cha elektroniki inayobeba melodi), kwamba ikipiga peke yake ni tamu ila kiki (ngoma nzito ya chini) na bezi zikiingia biti nzima inaziba kama mtu mwenye mafua, na ulipoambiwa kata kila kitu chini ya 300 Hz (Hz ni mitetemo kwa sekunde, namba ikiwa ndogo sauti ni nzito) lidi ikabaki nyembamba haina raha. Hilo tatizo nalijua, lilinitesa karibu mwaka mzima huku Arusha.

Mimi nafanyia kazi chumbani Ngarenaro, spika zangu ndogo, kule chini kabisa hazitoi kitu, kwa hiyo nyumbani biti zilikuwa zinasikika safi. Siku moja konda wa kifodi (daladala ndogo) cha Kwa Mrombo, jamaa yangu wa karibu, akaipiga biti yangu kwenye gari, na hizo gari unazijua, lispika likubwa chini ya siti ya nyuma, sasa lidi ilipoingia tu kiki ikapotea, ukabaki muungurumo unakuja unaondoka unakuja tena, mpaka mama mmoja akamwambia konda punguza hilo dude. Iliniuma sana maana msanii alikuwa ameshalipa.

Niliporudi nikajaribu kitu ambacho mpaka leo nakifanya kwenye kila biti. Weka EQ (kifaa cha kupunguza au kuongeza sehemu ya sauti) kwenye lidi, ila badala ya kukata chini kata juu, bakisha kilichopo chini ya 150 Hz tu, halafu iweke solo (ipige peke yake) usikilize, na kama spika zako ni ndogo kama zangu vaa hedifoni. Lidi yangu noti yake ya chini kabisa ilikuwa A ya 220 Hz. Noti haina kitu chini ya mzizi wake (mtetemo wake wa chini kabisa), maana yake hapo palitakiwa pawe kimya, lakini wapi, kulikuwa na vurugu tupu.

Kitu cha kwanza nilichokikuta ni osileta ya chini (osileta ndo sehemu ya sinthi inayozalisha sauti). Priseti (sauti zilizotengenezwa tayari) nyingi za lidi zina osileta imeshushwa oktavu moja au mbili ili ukiijaribu peke yake ijae masikioni uipende. A ya 220 ukiishusha oktavu moja ni 110, ukiishusha mbili ni 55, na 55 ndo palepale kiki nyingi zinapokaa. Hapo EQ ya nini, zima hiyo osileta umemaliza. (Na kama unatumia FL Studio (programu ya kutengenezea biti) kuwa makini na majina ya noti, yenyewe C ya katikati inaiita C5 wakati chati nyingi mtandaoni zinaiita C4, kwa hiyo A ya 220 kwenye chati ni A3 ila kwenye FL utaiona A4. Niliwahi kukata pasipo pake kwa sababu ya hilo.)

Nikazima, muungurumo ukapungua ila haukuisha. Hapa ndo pamenichukua muda mrefu kuelewa na ndo nataka uelewe vizuri: ni disto, kile kifaa cha kukwaruza sauti. Lidi yangu ilikuwa wimbi la msumeno, inapiga noti mbili kwa pamoja, A na C, na zote zinapita kwenye disto moja. Disto ikipewa noti mbili haiongezi ukali wa juu tu, inazaa pia sauti mpya ambayo ni tofauti ya hizo noti. C ni kama 262, toa 220, unabaki na 42 Hz. Hiyo 42 hukuipiga, haipo kwenye kinanda, imezaliwa ndani ya disto, na inakaa chini kabisa ya kiki. Kwa hiyo ukiweka filta (ya kukata chini) KABLA ya disto utahangaika bure, maana uchafu unazaliwa mbele yake. Filta ikae baada ya disto, au bora zaidi kila noti ipewe treki yake na disto yake ndo uziunganishe, hapo hiyo 42 haizaliwi kabisa. Mimi nilitenganisha na biti ikafunguka pale pale.

Rivebu (mwangwi) nayo ikatwe, weka filta kwenye sendi (njia inayopeleka sauti kwenye rivebu) kabla ya rivebu, mimi huwa naanzia 300 Hz. Hapo unaweza kukata kwa nguvu bila kuua lidi yenyewe.

Sasa ukishasafisha hivyo ndo ukate, na utashangaa unahitaji kidogo tu. Kwa noti ya chini ya 220 mimi naweka filta 150, mteremko wa 12 dB kwa oktavu (dB ni kipimo cha ukubwa wa sauti, mteremko ni jinsi filta inavyokata kwa ukali), noti yenyewe haipotezi hata 1 dB ila ile 42 inashuka kama 22 dB. Angalia lakini, 110 itashuka 6 na kitu tu, kwa hiyo kama bado kuna uchafu pale nenda 24 dB. Ile 300 uliyoambiwa ilikuwa inakata mzizi wa noti zako, ndo maana raha ikaondoka. Na usikate ukiwa kwenye solo, kata kiki na bezi zikiwa zinapiga.

Kama umeirudufu lidi kwenye treki mbili usiweke filta kwenye moja tu, filta za kawaida zinasogeza fezi (mpangilio wa mawimbi) na zikichanganyika mwili wa lidi unaliwa, zipeleke kwenye basi moja (njia ya pamoja ndani ya miksa) ukate huko. Halafu intro ambayo lidi iko peke yake iache ijae, otometi filta (iweke ijibadilishe yenyewe) ipande pale bezi inapoingia.

Hebu niambie lidi yako inapiga noti moja au mbili kwa pamoja, na disto umeiweka ndani ya sinthi au kwenye miksa? Maana kama iko ndani ya sinthi kuna namna nyingine ya kuizungukia, nitakuelekeza.