Vimelea vya ukoma kuonekana baada ya dawa

Dada, umeuliza kwa nini mjomba wako wa Mayuge amemaliza dawa za ukoma miezi 12, na bado darubini inaonyesha vimelea, yaani bakteria wa ukoma, kwenye ngozi yake. Usiogope. Darubini haitofautishi kimelea hai na mfu, na mwili huchukua miaka kuyaondoa mabaki ya vimelea vilivyokufa.

Kipimo cha DNA, yaani maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya kila kiumbe, nacho kina kasoro hiyohiyo, maana DNA hubaki hata bakteria akishakufa. Ndiyo maana watafiti hutazama RNA, yaani nakala ambayo jeni (kipande cha DNA) huitoa inapokuwa kazini. Bakteria akifa, RNA huoza upesi. Ikipatikana, yupo hai.

Kazi ya kumchunguza ni ngumu kweli. Bakteria wa ukoma hajawahi kuoteshwa maabara peke yake. Hukuzwa kwenye nyayo za panya au ndani ya aramadilo, mnyama wa Marekani, na hujigawa mara moja kwa takriban wiki mbili! Jeni zake zote ziliposomwa mwaka 2001, zilizo nzima zilikuwa kama 1,600 tu, na nyingine zaidi ya 1,100 zimeharibika. Cha ajabu, baadhi ya hizo mbovu bado hutoa RNA.

Kipimo hiki cha RNA ni cha watafiti, hutakipata kituo cha afya. Ila mjomba akiona mabaka yanavimba, au mkono unalegea, apelekwe hospitali ya Buluba siku hiyohiyo. Huko wametibu ukoma tangu miaka ya 1930.