Binti amechaguliwa mweka hazina? Mwache ashike hizo hela

Dada nimeona swali lako nikacheka kwanza, maana mimi nilikuwa hapo hapo ulipo miaka michache iliyopita. Unasema binti yako ana miaka 16, anaishi na baba yake huko Marekani, baba ni Myahudi, wewe ni wa Kakamega, na sasa amekupigia simu ati amechaguliwa gizborit, yaani mweka hazina, wa BBG, kikundi cha wasichana Wayahudi wa sekondari, na hujui umpongeze ama umwambie arudi kwa vitabu. Na watu hapa washaanza kukutisha na mambo ya hela za wenyewe. Mimi niko Maryland miaka 19 sasa, mume wangu Myahudi, binti yetu alikaa kwa bodi ya tawi lao mihula mitatu na mimi nikajitolea kuwa mmoja wa wale watu wazima wa kukaa kwa kona na kuangalia.

Hayo majina yasikusumbue, ni Kiebrania tu. Gizborit ni mweka hazina, mazkirah ni katibu, n'siah ndiye mwenyekiti, s'ganit ni naibu wake na kwetu ndiye anapanga shughuli, sh'licha anashika mambo ya dini na kusaidia jamii. BBG ni upande wa wasichana. Wavulana wana yao inaitwa AZA, ilianza Omaha, Nebraska, 1924, na wasichana wakapata yao rasmi 1944 baada ya mama anaitwa Anita Perlman kuisukuma sana. Miaka 20 ya kungojeshwa, lakini wanawake tushazoea. Leo zote mbili ziko chini ya BBYO, shirika la vijana Wayahudi.

Ukitaka kuelewa kazi yenyewe fikiria chama. Kile cha mama yako cha kila mwezi, daftari, michango, faini ya kuchelewa, na yule mama mmoja mkali lazima aulize hela ya maandazi ilienda wapi. Ni hivyo hivyo, ila memba ni watoto wa sekondari na hakuna anayekopeshwa. Wanapigiana kura wenyewe, mtu anasimama anajieleza, anaulizwa maswali, akishindwa analia kwa choo kidogo halafu anarudi kupiga makofi.

Sasa wacha nikupe ya kwetu. Muhula wake wa kwanza wangu alikuwa s'ganit, akapanga waende bolingi Jumamosi mwisho wa Mei, saa moja jioni, akalipa dipositi ya dola 150 kutoka kwa hela za tawi. Akaniuliza mama iko sawa? Nikasema iko sawa, Sabato si inaisha jua likizama. Mimi nimekulia Mombasa, jua letu linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, hata sikufikiria mara mbili! Kumbe huku Mei jua linazama saa mbili na nusu hivi usiku, na Sabato haihesabiwi imeisha mpaka nyota zionekane, yaani saa tatu imepita. Kulikuwa na memba wawili wa familia zinazoshika Sabato kabisa, hawapandi gari, hawagusi pesa mpaka saa hiyo. Mmoja akaandika kwa grupu kwa upole sana, "basi tutaonana wiki ijayo". Huo upole ndio ulimuuma binti yangu, afadhali angetukanwa.

Mimi kama mama nikatoa pochi. Nilitaka nilipe ile 150 kimya kimya, tupange siku nyingine, yaishe. Mshauri mwenzangu, mama mmoja mtulivu sana, akaniambia rudisha pochi, hii si bodi yako. Nilikasirika jameni! Lakini wakakaa wale wasichana, wakabishana karibu saa mbili, gizborit akasema waziwazi hela iliyobaki ni ngapi, wakahamisha iwe Jumapili mchana wakapoteza nusu ya dipositi, na binti yangu akasimama mbele ya memba wote akasema kosa ni langu. Alikuwa na miaka 15. Mimi nilianza kusema hivyo kazini nikiwa na 38.

Tangu hapo kalenda yao ilikuwa na saa ya Sabato kuisha kando ya kila Jumamosi. Wakaanza pia kufungua shughuli za usiku na havdalah, ule mshumaa wa kusuka, divai (wao walitumia juisi ya zabibu) na viungo vya kunusa kuaga Sabato. Viungo ni karafuu za nyanya yake kutoka Mombasa, sijui kama nyanya anajua zimefika wapi.

Lile swali ulilouliza chini chini, kama atakubaliwa kwa vile mama si Myahudi. Hapa nitakuambia ukweli, inategemea na nani. Wayahudi wa Reform, lile dhehebu lao la kisasa, Marekani waliamua 1983 kwamba mtoto wa baba Myahudi akilelewa kwa dini anahesabiwa Myahudi. Wayahudi wa Othodoksi, wale wanaoshika sheria za zamani, hawakubali mpaka abadili dini rasmi. Kwa tawi wanachanganyika wote na hakuna aliyemuuliza wangu cheti, ila nje ya hapo kuna siku atasikia neno la kumuumiza, bora umuandae wewe mapema kuliko alisikie kwa mgeni.

Na hizo hela. Muulize maswali matatu basi: akaunti iko kwa jina la nani (isiwe lake), ni nani mtu mzima anayeona stetimenti, na risiti anaweka wapi. Mama mkwe wangu ni wa Hadassah miaka mingi, kile chama cha wanawake alichoanzisha Henrietta Szold huko New York 1912, wale wenye hospitali Jerusalem, na siku alipoona daftari la mjukuu wake hakusifu chochote, aliuliza tu risiti ya pitsa iko wapi. Haikuwepo. Ilipatikana kwa mfuko wa suruali ya jinzi, imefuliwa.

Masomo ya wangu yalishuka kidogo muhula wa kwanza, hesabu hasa, yakarudi. Wako akipata chini ya kile mlichokubaliana na baba yake mwambie asigombee muhula unaofuata, lakini huu amalize, walishampigia kura.