Chomoa spika moja, besi irudi

Kuna Jumamosi nilipeleka vyombo kwenye matanga upande wa Ahero. Spika mbili kubwa za besi, moja kila upande wa hema. Muziki ulipoanza, vijana walio pembeni walitimua vumbi. Lakini viti vya katikati, walikoketi wazee, ngoma haikuwepo. Mwimbaji alisikika, ila sauti nyembamba, kama inatoka kwenye simu ndani ya kikombe. Mzee mmoja akaniita. "Omera, hizi redio zako hazijala?"

Nikafanya wanachofanya mafundi wengi: nikaongeza sauti. Walio pembeni wakaziba masikio, na wazee wakabaki na ukimya wao. Kwa kukata tamaa nikachomoa spika ya kushoto, nikidhani ndiyo imeungua. Besi ikarudi papo hapo, tena katikati kabisa, kwa spika moja!

Kosa lilikuwa langu. Usiku wa kuamkia siku hiyo, nikiwa Nyalenda na stima imepotea, niliunga waya mpya kwa mwanga wa simu nikabadilisha mwekundu na mweusi upande mmoja. Kwa hiyo spika ya kulia ilipoisukuma hewa, ya kushoto iliivuta. Mtu wa katikati yuko umbali sawa kutoka zote mbili, hivyo msukumo na mvuto vilimfikia kwa wakati mmoja, hewa iliyo sikioni ikabaki imetulia. Wa pembeni alikuwa karibu na spika moja kuliko nyingine, hakuona tofauti.

Tangu siku hiyo sifungi spika bila kuipima kwa betri ndogo ya voti 1.5. Gusisha chanya kwenye nyekundu na hasi kwenye nyeusi, mguso wa sekunde moja tu, ukitazama uso wa spika. Ukiruka nje, basi na spika ya pili, ikipimwa kupitia waya wake, iruke nje pia. Ikirudi ndani, umezipishanisha mahali.

Sasa, hata nyaya zikiwa sawa, kuna sehemu utakosa sauti, na hapa ndipo nilipoelewa kile nilichokariri kidato cha tatu bila kukielewa. Wimbi la sauti ni hewa inayobanwa na kulegea kwa zamu. Ukisogea kutoka katikati, spika moja inakuwa mbali zaidi na sauti yake inachelewa. Uchelewaji huo ukifika nusu ya urefu wa wimbi (yaani umbali kutoka mbano mmoja hadi unaofuata), mbano wa hii unakutana na mlegeo wa ile. Vinafuta mwendo wa hewa pale ulipo. Ukiendelea kusogea hadi tofauti iwe wimbi zima, mbano unakutana na mbano, sauti inapanda tena.

Fanya jaribio hili uwanjani, mbali na kuta. Joto la Kisumu likiwa nyuzi 28, sauti hukimbia kama mita 348 kwa sekunde. Kwa hiyo mlio mmoja usiobadilika wa hezi 348, yaani mitetemo 348 kwa sekunde, una urefu wa wimbi wa mita 1. Weka spika mbili umbali wa mita 2, zote zitoe mlio huo kutoka simu moja. Rudi nyuma mita 8, ziba sikio moja, kisha tembea pole pole kwenda kando, ukiwa sambamba na spika. Ukifika kama mita 2 kutoka katikati, mlio utazama. Kwenye mita 4 na nusu hivi, unapaa tena. Mpwa wangu aliye sekondari alirudia mara tano, akienda na kurudi, akicheka peke yake kama mtu aliyepata noti kwenye suruali ya zamani.

Usitegemee ukimya kamili. Spika iliyo karibu ina nguvu zaidi, na kanisa la mabati hurudisha sauti kutoka kila upande, ndiyo maana ndani ya jumba jaribio hili huwachanganya watu.

Na jina la kitabuni la kufutana huku, "mwingiliano haribifu", mimi silipendi. Hakuna kinachoharibika. Simama ufukweni Dunga utazame mawimbi ya mashua mbili yakikutana: yanapitana, kila moja linaendelea na safari yake. Sauti iliyokosekana kwa wazee ilikuwa imeongezeka kwingine. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, Marekani mwaka 1936 kwa wazo la kuzima kelele kwa sauti iliyogeuzwa, na vifaa vya masikioni vinavyopunguza mngurumo wa ndege leo hufanya kazi kwa njia hiyohiyo.

Kwa wenzangu wa vyombo: besi ziwekeni pamoja, mbele katikati, zikigusana. Mlio wa hezi 58 una urefu wa mita 6, kwa hiyo ukitenganisha spika mita 8 unapanda mistari mipana isiyo na ngoma katikati ya wageni. Zikikaa pamoja, tofauti ya safari inakuwa ndogo mno kufika nusu wimbi.

Yule mzee wa Ahero, nilipomaliza kugeuza waya na kuchomeka tena ya kushoto, alikuja wakati wa malipo. Alikuwa ameona kila kitu. "Kijana, si ulisema mbili? Nimesikia moja ikifanya kazi nzuri. Hiyo nyingine nailipia ya nini?"