Shangazi, nimeitwa mwizi. Nisaini ili yaishe?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24, naishi Mbagala. Mwaka wa pili sasa nakaa kwenye kibanda cha wakala wa pesa cha mama mmoja aliyekuwa rafiki wa marehemu mama yangu. Mimi humwita Mama. Jumamosi tulipofunga hesabu zilipungua shilingi 540,000. Alinipekua mkoba mbele ya wateja na kuniita mwizi. Sasa ameleta karatasi: nikubali kwamba nilizichukua, nirudi kazini nikikatwa mshahara wote mpaka deni liishe. Nikikataa, nimefukuzwa na anakwenda polisi. Mchana ule nilitoka kula kama dakika 40, akakaa kijana wake. Ndugu wanasema nisaini yaishe. Sijala vizuri tangu siku hiyo.*

Marahaba mwanangu. Usisaini.

Nimetanguliza neno hilo kwa sababu huenda karatasi iko mbele yako sasa hivi. Ukikiri wizi kwa maandishi hayaishi, ndiyo kwanza yanaanza. Siku Mama akikasirika tena karatasi hiyo itatolewa kabatini, na kwenye kazi yoyote ya kushika pesa utakayoomba hapo mtaani itakutangulia. Ndugu zako wanakupenda, ila wanapiga hesabu ya pesa tu, jina lako hawajalihesabu.

Kabla ya sheria, tuanze na daftari. Mtaji wa kibanda ni mmoja, umekaa sehemu mbili: taslimu kwenye droo na floti, yaani salio la wakala, kwenye simu. Mteja akiweka, taslimu inapanda na floti inashuka. Akitoa, inakuwa kinyume. Ukiacha kamisheni, jumla haibadiliki. Na hiyo 540,000 imenikaa kichwani tangu nilipofungua barua yako. Ni tofauti kamili kati ya 600,000 na 60,000. Mtu akipokea elfu sitini mkononi, kidole kikaongeza sifuri moja, floti inaondoka laki sita na droo inapungukiwa na laki tano na arobaini. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema hapo ndipo pa kuangalia kwanza.

Mwombe Mama atoe taarifa ya miamala ya laini ya wakala ya Jumamosi ile. Mkae watu watatu, wewe, yeye na mtu mzima mnayemheshimu wote wawili, mpige tiki mstari kwa mstari. Mstari ulio kwenye taarifa ila haumo daftarini, simameni. Ulio daftarini ila haumo kwenye taarifa, simameni pia, maana meseji za kughushi zimewaliza mawakala wengi. Kama sifuri ndiyo iliyoponza, namba iliyopokea itaonekana. Pigeni huduma kwa wateja siku hiyo hiyo. Na kama kidole kilikuwa chako, kubali kosa hilo. Kukosea si kuiba.

Kuhusu kijana, sema ulichokiona: saa fulani uliondoka, simu na droo ukamwachia bila kuhesabiana, ukarudi saa fulani. Ishia hapo. Unajua sasa inavyouma kutuhumiwa bila ushahidi, usimvike mwenzio shati hilo hilo.

Sheria nayo haijakutupa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri athibitishe sababu ya kukuachisha kazi, na akusikilize kwanza. Kukata mshahara kufidia hasara kuna masharti: hasara iwe imetokana na kosa lako, akupe maelezo kwa maandishi, upate nafasi ya kuyapinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kutokuwa na mkataba wa maandishi hakukunyimi haki hizo. Ukifukuzwa, una siku 30 tu za kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Usizimalize kwa kulia. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hapo Dar husaidia wasio na uwezo wa kulipa wakili. Ukiitwa polisi nenda na mtu mzima, eleza kwa utulivu, usitie saini maelezo ambayo hujayasoma mpaka mwisho.

Nakuandikia haya nikiwa na kidonda changu. Nilikuwa na miaka 19, nauza vitenge, jora moja likapotea. Niliitwa mwizi dukani, wateja wakisikia. Wiki tatu baadaye likaonekana nyuma ya kabati. Tajiri aliniambia pembeni, kwa sauti ya chini, "basi, rudi kazini." Nikarudi. Wale wateja hawakuambiwa kitu, na kwa muda mrefu kila nilipokata kitambaa waliniangalia mikono. Ningejua ningedai jambo moja tu, jina langu lisafishwe pale pale lilipochafuliwa.

Nenda kwa Mama asubuhi, kabla kibanda hakijafunguliwa. Mwamkie kama siku zote. Mwambie: "Mama, karatasi hii siwezi kuisaini kwa sababu sikuiba. Nimekuja na daftari, naomba tuhesabu. Tukikuta kosa langu, nitalibeba na tutapanga namna ya kulipa. Tukikuta si langu, naomba uwaambie wale waliokuwepo Jumamosi." Kisha fungua ukurasa wa siku ile, umwekee mbele yake.